Kigunduzi cha infraredi kinapochelewa kuitikia: kusoma dalili na kurekebisha data za darubini za angani

Darubini imegeukia nyota. Mwanga umekifikia kigunduzi papo hapo, lakini namba zinazosomwa hazilingani na mwanga huo. Zinaruka nusu ya safari kwa mkupuo mmoja, kisha zinaanza kujikokota, na mara nyingi muda wa uchunguzi unakwisha kabla hazijafika zinakotakiwa kufika. Ukichukua wastani wa fremu zote, nyota inatoka hafifu kuliko ilivyo. Darubini ikihama, kigunduzi kinachelewa pia kushuka, na sehemu ya anga isiyo na kitu inaonekana kana kwamba ina nyota.

Tatizo hili limeandama astronomia ya infraredi tangu darubini ya angani ya IRAS iliporushwa Januari 1983, na bado lipo. Linakuja kwa sura mbalimbali kwa sababu vifaa ni mbalimbali. ISOCAM, kamera ya darubini ya angani ya ISO, ilitumia silikoni iliyotiwa galiamu kwa mawimbi yake marefu. MIPS ya Spitzer kwa mawimbi yake marefu, na spektromita ya PACS ya Herschel, zilitumia jemaniamu iliyotiwa galiamu. Upande wa infraredi wa kamera ya WFC3 ya Hubble na kamera za infraredi ya karibu za James Webb zinatumia zebaki-kadimiamu-teluridi, na MIRI, kifaa cha James Webb cha infraredi ya kati, inatumia silikoni iliyotiwa aseniki. Kila kimoja kinakumbuka mwanga uliopita, lakini hakuna viwili vinavyokumbuka kwa namna moja, kwa hiyo dawa ya kimoja ukiipeleka kwa kingine unaongeza ugonjwa.

Nitakaa zaidi kwenye ISOCAM. ISO ilirushwa Novemba 1995 na heliamu yake ikaisha Aprili 1998, na hakuna wa kurudi kupiga picha zile upya kwa kifaa kile. Data zimehifadhiwa na Shirika la Anga la Ulaya, ziko wazi kwa yeyote bila malipo, na ukizirekebisha vizuri zinatoa sayansi safi mpaka leo. Ni hasara kuona mtu anazitupa kwa sababu ya mkunjo ambao chanzo chake kinajulikana.

Kabla ya kugusa picha

Usianze na picha. Picha ni matokeo ya kujumlisha, na ukishajumlisha umefuta ushahidi wote. Chagua pikseli moja, zichore namba zake fremu kwa fremu kwa mpangilio zilivyosomwa, na chini ya mchoro weka alama kila mahali darubini ilipohama au kichujio kilipobadilishwa. Kisha chukua pikseli ya pili iliyo mbali na ile ya kwanza, na ya tatu iliyo jirani yake. Kwenye kigunduzi cha mawimbi marefu cha ISOCAM, chenye pikseli 32 kwa 32, iruke safu ya 24: imekufa, haina cha kukuambia.

Sasa uliza mambo mawili. Mabadiliko yanaanza darubini inapohama, au yanaanza ghafla katikati ya utulivu? Na je, pikseli zote zinafanya hivyo kwa pamoja, au ni moja na majirani zake tu? Ukiwa na majibu ya maswali hayo, nusu ya vyanzo vinavyowezekana vimeshaondoka mezani. Kinachoanza darubini inapohama ni mwitikio wa mwanga. Kinachoanza ghafla kwenye pikseli chache ni chembe ya miale ya kosmiki. Kinachotambaa saa kwa saa kwenye pikseli zote ni unyeti wenyewe wa kigunduzi kuyumba, au mkondo wa giza, yaani umeme unaosomwa hata pasipo mwanga, kuhama.

Dalili: mruko wa nusu, kisha mpando wa polepole

Hii ndiyo dalili ya kawaida kabisa ya fotokondakta, yaani kipande kinachopitisha umeme zaidi kinapopigwa na mwanga, kwenye mwanga mdogo. Kwenye silikoni yenye galiamu, fotoni inapofyonzwa huachilia shimo moja, yaani chaji chanya inayotembea kuelekea upande mmoja wa kipande. Sehemu ya kwanza ya mkondo huo husomwa mara moja. Lakini ili mkondo ufikie kiwango chake kamili, kontakti ya upande wa pili inatakiwa kuingiza chaji mpya, na haiingizi mpaka uga wa umeme ulio karibu nayo ujipange upya. Kazi ya kuupanga upya inafanywa na chaji zile zile zinazozaliwa na mwanga. Mwanga ukiwa mchache, chaji ni chache, na kujipanga kunachukua muda mrefu. Hapa duniani, ambako kigunduzi kinamwagiwa joto kutoka kila upande, muda huo ni mfupi kiasi cha kutoonekana. Angani, ndani ya darubini iliyopozwa kwa heliamu, ambako usuli wote ni mwanga wa vumbi la zodiaki, muda unakuwa wa sekunde nyingi hadi dakika nyingi.

Fouks na Schubert mwaka 1995 waliieleza fizikia hii kwa fomula fupi, na Coulais na Abergel mwaka 2000 wakaonyesha kwamba inafuata data za ISOCAM kwa usahihi mkubwa pale mwanga unapokuwa umetandaa sawasawa. Mwanga ukiruka kutoka J0 hadi J1, kinachosomwa ni:

I(t) = β·J1 + (1 − β)·J1·J0 / [J0 + (J1 − J0)·e^(−t/τ)], ambapo τ = λ / J1

β ni sehemu inayoitikia papo hapo, karibu nusu kwa ISOCAM. λ ni kipimo cha uchelewaji wa pikseli husika. Angalia mahali J1 ilipokaa kwenye τ: muda wa kuchelewa unagawanywa na mwanga mpya. Kwa hiyo chanzo kinachong'aa kinatulia haraka, na chanzo hafifu, ambacho ndicho unakitafuta kwa shida, kinachelewa kuliko vyote. Mtu anayepachika mkunjo wa eksponenti wenye muda mmoja kwa pikseli zote hawezi kupata jibu sahihi, hata kama mkunjo wake unapendeza machoni.

Tupige hesabu ya mfano. Chukua β = 0.5 na λ = 600, na mwanga unaopanda kutoka 4 hadi 12 kwa sekunde. τ ni sekunde 50. Papo hapo kigunduzi kinasoma 8. Baada ya sekunde 50 kinasoma 9.5, baada ya 100 kinasoma 10.7, baada ya 150 kinasoma 11.5. Sasa urudishe mwanga kutoka 12 hadi 4. τ sasa ni sekunde 150. Papo hapo kinasoma 8 tena. Baada ya sekunde 50 kinasoma 5.8, na baada ya 150 bado kinasoma 4.65, yaani asilimia 16 juu ya ukweli. Kupanda na kushuka si kitu kimoja kilichogeuzwa. Kushuka kunaanza kwa kasi halafu kunaacha mkia mrefu. Ukiona data zako zina mikunjo miwili ya namna hiyo, isiyofanana, shuku fotokondakta kabla ya kushuku kingine chochote.

Ipunguze mianga yote mara kumi, kutoka 0.4 hadi 1.2, na mkunjo unabaki na umbo lile lile, ila kila sekunde inageuka kumi. Mwangalizi aliyeipa darubini dakika tatu kila mahali alipata kiwango kilichotulia kwa chanzo cha kwanza, na kwa hiki cha pili akaondoka na theluthi mbili na ushee tu ya ishara.

Marekebisho yenyewe

Fomula iliyo juu inadai kwamba kigunduzi kilikuwa kimetulia kabla ya mruko, na kwa kawaida hakikuwa. Ni rahisi zaidi kuigawanya. Ipe sehemu ya polepole jina S, na kila fremu ifuate mistari miwili:

I = β·J + (1 − β)·S
dS/dt = S·(J − S) / λ

Sasa kazi ni kutembea mbele. Kwenye fremu ya kwanza una I iliyopimwa na S ya kuanzia. Toa J kwa mstari wa kwanza, isogeze S kwa mstari wa pili, nenda fremu inayofuata. Programu nzima haifiki kurasa mbili, na kompyuta ndogo ya kawaida inamaliza uchunguzi mzima kwa muda mfupi. Uzito wa kazi uko kwenye vitu vinne vinavyotakiwa kuwa sawa kabla hujaanza kutembea.

Kwanza ni mkondo wa giza. Kwa kuwa λ inagawanywa na mwanga wenyewe, kiwango halisi ndicho kinachoamua kasi. Ukiacha giza kidogo ndani ya J, unaiambia fomula kwamba mwanga ni mwingi, na inadhani kigunduzi kimeshatulia wakati bado kinapanda. Giza la ISOCAM lilihama ndani ya kila mzunguko wa saa 24 na katika maisha yote ya chombo, hivyo giza la siku nyingine si la kuazima bila kulikagua.

Pili ni michomo ya miale ya kosmiki. Iondoe kabla, kamwe si baada. Mchomo mmoja ukiachwa ndani, mstari wa kwanza unaukuza, mstari wa pili unaumeza ndani ya S, na fremu nyingi zinazofuata zinaharibika kwa ajili ya fremu moja.

Tatu ni S ya kuanzia. Inatokana na kile ambacho darubini ilikuwa ikitazama kabla ya uchunguzi wako, na huenda hicho kilikuwa cha mtu mwingine kabisa. Tafuta kumbukumbu za uchunguzi uliotangulia. Ukizikosa, tumia fremu za mwanzo ambapo darubini ilisimama mahali pamoja: anga halibadiliki ndani ya dakika chache, kwa hiyo S sahihi ni ile inayoifanya J itoke tambarare.

Nne, usiiweke S kuwa sifuri. Utaona kwenye mstari wa pili kwamba ikianza sifuri haitoki hapo milele. Fizikia ya kigunduzi kilichotoka kwenye giza kamili haimo ndani ya fomula hii, na ukianza na sifuri kila kitu kitatoka karibu mara mbili ya kinavyotakiwa.

Umerekebisha, lakini mstari bado umepinda

Mwelekeo wa kupinda ndio unaokupeleka kwenye kosa.

J ikitoka inapanda mwanzoni halafu inatulia, marekebisho hayakutosha, na kwa kawaida giza limetolewa kidogo mno au S ya kuanzia imewekwa juu mno. J ikianza juu na kushuka, umezidisha: S imewekwa chini mno au giza limetolewa kupita kiasi. Ikiwa mwanzo wa uchunguzi ni safi lakini kila mruko unaofuata unaacha kichuguu, angalia β na λ za pikseli hiyo, kwa sababu hazilingani pikseli hadi pikseli na namba moja kwa kigunduzi kizima inaacha mabaki.

Kipimo ninachokiamini kuliko vyote ni kupita mahali pamoja mara mbili. Uchunguzi mwingi wa ISOCAM ulifanywa kwa kuhamahama hatua kwa hatua, hivyo kipande kimoja cha anga kilionwa na pikseli tofauti kwa nyakati tofauti, moja baada ya kutoka kwenye angavu, nyingine baada ya kutoka kwenye giza. Toa ramani mbili, moja ya fremu za nusu ya kwanza ya kila kituo, yaani kila mahali darubini iliposimama, na nyingine ya nusu ya pili, kisha toa moja kutoka kwa nyingine. Ukiona kivuli cha galaksi kimebaki kwenye tofauti hiyo, kazi haijaisha. Usiridhike na ramani inayopendeza. Hata ramani isiyorekebishwa inaweza kupendeza.

Kelele imeongezeka mara mbili

Baadhi ya watu wanafika hapa, wanaona namba za fremu moja moja zinatapakaa kuliko zilivyokuwa, na wanaitupa njia nzima. Hapana. Kugawanya kwa β ya karibu nusu kunakuza mtapakao wa fremu moja karibu mara mbili, na hilo halikwepeki. Lakini kosa lililoingia kwenye J linaingia pia kwenye S na kurudishwa kwa ishara ya kinyume kwenye fremu zinazofuata. Ukichukua wastani wa muda mrefu kuliko τ, sehemu kubwa ya kelele hiyo inafutana. Ukitaka kuiepuka kabisa, usigeuze fremu kwa fremu. Chukulia kwamba J ni thabiti kwa kipindi chote ambacho darubini imesimama, kisha utafute J moja kwa kila kituo, ile inayoufanya mkunjo wa fomula upite katikati ya data. Kwa chanzo hafifu, hii ndiyo njia ninayoipendekeza.

Anga pana limekubali, nyota imekataa

Kama usuli umetoka tambarare lakini nyota inavuka kiwango halafu inarudi, au inatoka na mwanga tofauti kila inapoangukia pikseli nyingine, si lazima namba zako ziwe na kosa. Fomula ile inaichukulia kila pikseli kama iko peke yake, na pikseli za ISOCAM hazikuwa na ukuta kati yao. Nyota kali inapoijaza pikseli moja na kuacha majirani kwenye giza, uga wa umeme unapinda kuelekea pembeni na chaji zinavuka mpaka. Pikseli angavu inatulia kwa kasi ambayo fomula haiitambui. Fouks na Coulais waliandaa toleo la pande tatu linalohesabu majirani, na kwa nyota halina mbadala. Ukiwa huna nafasi ya kulitumia, jumlisha pikseli angavu na majirani zake kabla ya kupima, chukua fremu za mwisho za kila kituo peke yake, na uandike wazi kwamba kiwango kina mashaka. Usibadilishe β na λ ili nyota moja ikae sawa. Itakaa sawa hiyo tu.

Mchomo wenye mkia, mchomo wenye shimo

Chembe nyingi za miale ya kosmiki hupita na kuacha fremu moja iliyoruka, na fremu inayofuata imesharudi. Hizo zinaondolewa na kichujio chochote cha mediani. Zinazoumiza ni za aina mbili. Aina ya kwanza inaacha mkia unaofifia polepole kwa fremu nyingi, na ndani ya ramani mkia huo unafanana kabisa na galaksi hafifu. Aina ya pili, ambayo huhusishwa na chembe nzito zaidi, inaacha shimo: unyeti wa pikseli unashuka chini ya kawaida na kuchukua dakika nyingi kupona.

Tofautisha mkia wa chembe na mwitikio wa nyota kwa kuangalia saa. Nyota inaanza darubini inapofika na kuisha inapoondoka. Mkia wa chembe hauijali darubini. Unaanza katikati ya kituo na kuendelea kufifia hata baada ya darubini kuhamia mahali pengine. Kwa uchunguzi wa kina wa ISOCAM, ambapo galaksi zinazotafutwa zilikuwa hafifu kuliko mikia hiyo, timu ya Starck iliandaa PRETI, programu inayoigawa historia ya pikseli kwa vipimo mbalimbali vya muda na kutambua umbo la kila kinachoonekana: kifupi ni mchomo, kirefu ni kuyumba kwa usuli, na kinacholingana na muda wa kituo ni chanzo. Wazo hilo linafaa hata kama programu yenyewe huna. Chanzo chochote kilichoonwa na pikseli moja kwenye kituo kimoja tu, usikihesabu.

Kivuli cha nyota iliyopita kwenye Hubble au James Webb

Kwenye zebaki-kadimiamu-teluridi usitafute β wala λ. Hapa chaji zinanaswa. Pikseli inapojaa, ukanda mtupu wa ndani yake unasinyaa, na kasoro za fuwele zilizokuwa ndani ya ukanda huo zinakutana na chaji na kuzishika. Pikseli inapofutwa, ukanda unapanuka tena, na chaji zilizoshikwa zinaachiliwa moja moja kwenye picha zinazofuata. Kufifia kwake kunakaribia kugawanywa kwa muda uliopita. Ndiyo maana kivuli kinapungua upesi mwanzoni, halafu kinakataa kuisha.

Kutambua ni rahisi. Hamisha darubini kidogo: kitu cha kweli kinahama pamoja na anga, kivuli kinabaki kwenye pikseli zile zile. Kwa WFC3, Taasisi ya Sayansi ya Darubini za Angani iliyoko Baltimore hutoa ramani za makadirio ya kivuli hicho kwa kila uchunguzi, zilizokokotolewa kutokana na picha zilizotangulia, hata zile za mtu mwingine. Zichukue, ziangalie kwanza, na mahali palipoathirika vibaya ficha pikseli badala ya kutoa makadirio. Makadirio yana kosa lake, na kosa la kivuli kikali linaweza kuuzidi mwanga wa kitu unachokitafuta.

Mitego hiyo hiyo, yaani kasoro zinazoshika chaji, inachelewesha upande wa kupanda pia, na wanaopima sayari za nyota nyingine wanaijua vizuri. Hubble inaizunguka dunia kwa takriban dakika 95. Kila mzunguko unapoanza, mitego mitupu inakula chaji za kwanza, na mwanga wa nyota unaonekana ukipanda hadi mitego ijae. Mpando huo ni sehemu ndogo tu ya mwanga wote, lakini alama ya angahewa la sayari ni ndogo zaidi. Mzunguko wa kwanza, wenye mpando mkubwa kuliko mingine, wengi huuacha. Kwa mizunguko iliyobaki, pachika mpando pamoja na kupita kwa sayari kwa wakati mmoja. Ukiuondoa mpando kwanza halafu ukapima sayari, sehemu ya sayari inaondoka nao.

Unyeti unaotambaa kwa saa nyingi

Jemaniamu yenye galiamu ina ugonjwa wa pili juu ya ule wa kwanza. Kila dozi ya mionzi inabadilisha unyeti wake, mara nyingi kwa kuupandisha, na chanzo kile kile kikipimwa asubuhi na jioni kinatoa majibu mawili. Hakuna fomula itakayokuokoa baadaye kama waliopanga uchunguzi hawakuweka kipimo njiani. MIPS ya Spitzer iliwasha taa yake ya ndani takriban kila dakika mbili, na kila fremu iligawanywa kwa mwitikio wa taa hiyo uliokadiriwa kwa wakati wake. Ukirekebisha data zake, chora kwanza historia ya miwako hiyo. Ikikatika ghafla, kigunduzi kilitibiwa hapo, kwa kupashwa joto ili kisahau mionzi. IRAS kwa upande wake iliongeza volteji kila ilipotoka kwenye ukanda wa mionzi wa Atlantiki ya Kusini. Pande mbili za tiba zichukulie kama vigunduzi viwili. Usiunganishe mkunjo kuvuka mpaka huo.

Mwanzo wa mteremko kwenye MIRI

MIRI husoma pikseli mara kwa mara bila kuifuta, na mwanga ni mteremko wa namba hizo. Fremu za mwanzo baada ya kufuta hupinda kwa sababu swichi ya kufutia huacha chaji inayofifia, na fremu ya mwisho huvurugwa na kufutwa kwa mistari jirani. Programu rasmi huziweka alama fremu hizo zisiingie kwenye mteremko. Tatizo huja kwa nyota kali, ambapo fremu zote ni chache: ukiondoa za mwanzo na ya mwisho hubaki na mbili au tatu. Hapo angalia alama za ubora wa pikseli kabla ya kuamini namba.

Mstari wa spektra umehama

ISOCAM ilikuwa na kichujio cha mviringo kilichozungushwa hatua kwa hatua kupitia mawimbi. Kigunduzi kinachochelewa hugeuza kuchelewa kwa muda kuwa kuhama kwa wimbi: kilele kinasogea kuelekea upande kichujio kilikokuwa kikienda, kinapungua kimo, na kinaota mkia upande huo huo. Kama uchunguzi ulizungusha kichujio kwenda na kurudi, chora spektra mbili pamoja. Zikihitilafiana kwa kuhama pande tofauti, ni mwitikio. Rekebisha historia ya kila pikseli kwa S na λ kabla ya kutoa spektra. Zikihama pamoja upande mmoja, tatizo liko kwenye jedwali la mawimbi au kwenye mwendo wa chanzo chenyewe, na kigunduzi hakina hatia. Kama kulikuwa na mzunguko mmoja tu, pima eneo lote chini ya mstari badala ya kimo chake, na anza na mistari ya upande ambao kigunduzi kilikuwa kimeshazoea mwanga.